Kipimo, Aliyezihesabu Seli Zake Mwenyewe

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu na wote mliofika kumsindikiza: anayesoma ni mdogo wake, fundi cherehani, ambaye kabla ya leo hotuba yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kumweleza mteja kwa nini suruali haijawa tayari. Mnivumilie. Wasifu huu tumeuandika kwa siku nne na umezua ubishi nyumbani. Wapo waliosema kosa alilolifanya marehemu kazini lisisomwe mbele za watu. Litasomwa. Na lipo swali ambalo mama yetu aliliuliza Jumanne, kama mwanawe atazikwa akiwa kamili. Jibu la swali hilo nitalisoma mwisho, kwa sababu mama ameniagiza hivyo, na yuko pale mbele ananiangalia.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya Alhamisi, tarehe 9 Februari 1961, katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la baba, kwenye mtaa wa mafundi. Mkunga alichelewa, na mtoto hakuwa na mpango wa kumsubiri. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Alijifunza kutembea huku utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, na alipima kila kilichokaa kimya: ndoo, viti, miguu ya wageni. Dada alipokuwa na miaka sita alikuja mama mmoja kushonewa gauni, akamwambia baba kwamba kiuno chake ni inchi thelathini. Dada alikuwa ameshapitisha utepe kwa nyuma. "Thelathini na nane!" alitangaza, na duka zima likasikia. Mteja yule hakurudi tena. Baba alikasirika mpaka jioni, kisha akacheka, akasema, "Huyu mtoto ni kipimo. Adabu hana, lakini hakosei." Kuanzia siku hiyo jina lake la kuandikishwa likabaki kwenye vyeti tu. Sote tulimwita Kipimo.

Alisoma shule ya msingi tangu 1968 hadi 1974, kisha sekondari hadi 1980. Akiwa kidato cha tatu, mwalimu wa baiolojia aliwaonyesha ngozi ya kitunguu kwenye hadubini, hadubini moja kwa wanafunzi arobaini na wawili, kila mmoja nusu dakika. Kipimo alikaa dakika tatu, foleni ikanung'unika. Alipoinua kichwa aliuliza, "Mwalimu, hizi seli zinajuaje wakati wa kuacha kugawanyika?" Mwalimu akamjibu kwamba hilo halimo kwenye mtihani. Alirudi nyumbani akaliandika swali lile nyuma ya daftari. Daftari hilo tunalo, na wino haujafifia.

Mwaka 1981 alijiunga na chuo cha mafundi wa maabara, akamaliza 1984 akiwa wa pili katika darasa lake. Jambo hilo la kuwa wa pili tuliombwa tusilitaje mbele yake. Jumatatu ya tarehe 3 Septemba 1984 aliajiriwa katika taasisi ya utafiti wa magonjwa, jengo la ghorofa tatu lenye lifti ambayo sijawahi kuiona ikifanya kazi. Miaka mitano ya mwanzo aliosha vyombo vya kioo na kuvichemsha. Mwaka 1989 alikabidhiwa chumba cha kukuzia seli, kule juu kabisa, chumba chenye dirisha moja lisilofunguliwa, kabati la joto na hadubini mbili. Alikaa humo hadi alipostaafu mwaka 2021, isipokuwa miaka miwili nitakayoieleza.

Mumewe alimpata akiwa bado anaosha vyombo. Jokofu kubwa la maabara lilikuwa limeharibika, likiwa na vielelezo vya miaka minane ndani, na fundi majokofu akaitwa. Alipofika alitaka kulizima kwanza. Kipimo akasimama kati yake na swichi. "Una dakika kumi na mbili," akamwambia. "Baada ya hapo ninaliwasha, hata kama mkono wako umo ndani." Fundi yule alimaliza kwa dakika kumi na moja, na kwa kauli yake mwenyewe, dakika iliyobaki aliitumia kumwangalia. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa binti na mwana. Shemeji, katika miaka thelathini na sita hatukuwahi kukusikia ukichelewa popote, na sote tunajua sababu.

Sasa, kazi yake. Wengi wenu mmeniuliza siku hizi dada alikuwa anafanya nini hasa. Mimi mwenyewe nilimwuliza, akaja dukani kwangu, akachukua kipande cha kitambaa ambacho hakijapindwa. "Ukikifua hiki," akasema, "pembeni kinatoka nyuzi kidogo. Ukikifua tena, zinatoka tena. Sasa kifue mara hamsini." Akanieleza kwamba ndani ya kila seli kuna kromosomu, zilizobeba maagizo yote ya mwili, na kila seli inapogawanyika, ncha za kromosomu hizo zinapungua kidogo. Seli ya ngozi ya mtu hugawanyika kiasi cha mara hamsini, kisha ncha zimekwisha na seli inaacha. Hiyo ni mojawapo ya njia ambazo kwazo tunazeeka. Lakini kipo kimeng'enya kiitwacho telomerasi, ambacho kazi yake ni kuzirudishia ncha urefu wake. Ni sawa na fundi anayelipinda upya pindo baada ya kila kufua.

"Mlete basi hapa dukani tumwajiri!" nikamwambia.

"Saratani ilishamwajiri," akanijibu.

Hakuwa anatania. Karibu uvimbe tisa katika kila kumi wa saratani umekiamsha kimeng'enya hicho, na ndiyo maana seli zake hazichoki. Katika seli nyingi za mwili wa mtu mzima kimelala. Watu wanaotafuta ujana wanatamani kukiamsha, na watu wanaopigana na saratani wanatamani kukizima, na dada yangu alisimama kati yao akiwa na swali lake la kidato cha tatu. Alitaka kujua kama seli njema inaweza kupewa telomerasi ikaendelea kuishi bila kugeuka kuwa saratani. Watu wa nchi nyingine walishaanza kuonyesha kwamba inawezekana. Yeye alitaka kuona kwa macho yake, kwa seli za watu wa kwao, na kwa hesabu zake.

Alihitaji ngozi. Mwezi Juni 1999 aliomba daktari amkate kipande kidogo ndani ya mkono wa kushoto, kisichozidi punje ya mchele. Akazigawa seli zake makundi mawili. Kundi moja lilipewa telomerasi, la pili halikupewa kitu, liwe la kulinganishia. Mama hakuambiwa. Aliliona kovu, akaambiwa ni la pasi.

Chumba kile kilikuwa na sheria moja kuu, nayo ilibandikwa mlangoni kwa mwandiko wake: SELI SAFI KWANZA, SARATANI MWISHO. Asubuhi unahudumia seli za kawaida. Za saratani unazigusa mchana, baada ya hapo huzirudii zile za asubuhi. Na kila aina ina chupa yake ya chakula, yale maji mekundu zinayolishwa. Seli za saratani zina njaa na zina haraka. Moja tu ikidondokea kwenye chupa ya wenzake, baada ya wiki chache imekijaza chombo chote, na wenyeji hawapo tena.

Ijumaa ya tarehe 6 Oktoba 2000, dada alianza na saratani. Alikuwa na harusi ya mdogo wake kesho yake na alitaka kumaliza kazi nzito mapema. Alibakiza kundi lake la pili, lile lisilopewa kitu. Chupa yake ya chakula ikawa imekwisha, akachukua iliyokuwa mezani, ile ya saratani. Huko chini kulikuwa na gari linapiga honi. Mlinzi alipanda ngazi mara tatu kumwambia kwamba bwana harusi anasema gauni la dada yake halijapimwa mara ya mwisho na cherehani inasubiri.

Aliyekuwa anapiga honi ni mimi. Nimeishi miaka ishirini na mitatu bila kujua kwamba kosa lilitokea saa ileile. Nimelisoma wiki hii katika daftari lake la kazi, la mwaka ule. Ameandika saa, namba ya chupa, aina ya seli, na chini yake, kwa wino wa baadaye: "Niliharakisha. Hakuna wa kulaumiwa ila mimi." Honi hakuiandika.

Kundi lile la pili lilikuwa limebakiza hatua chache lisimame. Halikusimama. Likapita mara hamsini, sitini, themanini. Seli safi, bila kupewa chochote, zinakataa kuzeeka! Profesa wake, aliyemwandikisha kwa masomo ya udaktari wa falsafa, alifurahi kupita kiasi. Mei 2001 alilitangaza jambo hilo kwenye mkutano mkubwa, na gazeti moja likaandika kwamba siri ya ujana imepatikana ghorofa ya tatu. Sisi nyumbani tulilikata gazeti lile tukalitia fremu. Baba alilitundika dukani, juu ya kioo cha wateja.

Kipimo peke yake hakufurahi. Zile seli zilikuwa na mwendo mbaya. Za ngozi zilikuwa zikigawanyika kila baada ya siku mbili hivi, na hizi zilitumia saa ishirini. Saratani waliyokuwa wakiikuza pale ilitokana na uvimbe wa nyama, na kwenye hadubini sura yake ilikaribiana na ya seli za ngozi, kwa hiyo macho hayakutosha. Akazihesabu kromosomu. Mtu ana arobaini na sita. Alihesabu kwa siku tatu, seli mia moja, na nyingi zilikuwa na sabini au zaidi. Hazikuwa seli zake. Zake zilikuwa zimekwisha kuliwa nafasi tangu mwaka uliotangulia.

Asubuhi ya siku ya nne alikwenda kwa Profesa na daftari kwapani. Mazungumzo yao aliwahi kumsimulia mumewe, naye ametupa ruhusa tuyaseme.

"Unajua unachokisema?" Profesa alimwuliza. "Gazeti limeshaandika!"

"Najua, Profesa. Ndiyo maana nimekuja kabla halijaandika tena."

"Tusubiri kidogo. Tupime upya, taratibu."

"Nimeshapima."

Profesa hakuandika barua ya kukanusha. Aliiandika dada, kwa waandaaji wa mkutano na kwa gazeti, akitaja tarehe, chupa na mkono wake mwenyewe. Masomo yake ya udaktari yalisimamishwa. Akarudishwa kuosha vyombo akiwa na miaka arobaini, pamoja na wasichana waliomaliza chuo juzi, na alikaa huko miaka miwili. Jioni ya siku aliyoambiwa arudi kuosha vyombo alipita dukani, akapanda kwenye kiti na kuteremsha fremu ukutani. Baba alimwuliza anafanya nini. "Ni uongo, baba," akasema. "Wateja wanajiangalia hapo." Baba akamshikia kiti asianguke. Leo nasema wazi mbele yenu: miongoni mwa yote aliyoyafanya dada yangu, siku hiyo ndiyo ninayojivunia kuliko zote.

Alirudi kwenye chumba chake mwaka 2003. Alikuwa ameweka akiba ya seli zake za mwanzo ndani ya pipa la naitrojeni, kwa baridi kali, zikiwa zimelala tangu 1999. Akaziamsha akaanza upya, makundi mawili, sheria ileile mlangoni. Safari hii lisilopewa kitu lilisimama mara ya hamsini na mbili, kama lilivyotakiwa. Lililopewa telomerasi likaendelea. Kila mwezi alihesabu kromosomu, na kila mwezi zilikuwa arobaini na sita. Zilifika mara mia mbili, na bado zilikuwa na tabia njema. Alitunukiwa udaktari mwaka 2008, akiwa na miaka arobaini na saba. Wajukuu wa mama wakaanza kumwita Daktari, mama akaendelea kumwita Kipimo. Hata leo, dawa mpya ya saratani ikijaribiwa pale, hujaribiwa pia kwa seli zake, ijulikane kama inaua adui au inaua kila kilicho hai.

Mwezi Novemba 2022 alianza kulalamika tumbo. Vipimo vilionyesha saratani ya ovari, iliyokwisha kusambaa. Alifanyiwa upasuaji na kupewa dawa kwa mizunguko sita, na alijiwekea jedwali la kila mzunguko kwa kalamu tatu za rangi. Jirani mmoja mwenye nia njema alimletea vidonge vya kurefusha maisha, vilivyoandikwa kwamba vinaamsha telomerasi mwili mzima.

"Nivimeze?" dada akamwuliza. "Na hiyo telomerasi utaiambiaje isipite kwenye saratani?"

Jirani akasema aliyemwuzia hakumweleza hilo.

"Mrudishie basi, na salamu zangu."

Aliomba kipande cha uvimbe wake kipelekwe ghorofa ya tatu kikapimwe. Jibu lilikuja kwamba telomerasi imo, tena tele. Binti yake alilia. Yeye alikunja karatasi akaitia kwenye daftari. "Tunafahamiana siku nyingi," akasema. "Ningeshangaa kama asingekuwepo." Alikuwa na hofu, msidhani hakuwa nayo, na kuna siku alinishika mkono akauminya. Lakini hofu yake haikuwahi kumfanya aongope.

Wiki ya mwisho alilazwa wodi ya ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 19 Mei 2024, muuguzi alikuja kurekebisha dripu, akasema matone ishirini kwa dakika. Dada, akiwa amefumba macho, akasema, "Ishirini na mawili." Muuguzi akahesabu tena. Yalikuwa ishirini na mawili. Saa tano na robo akatutoka, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Marehemu ameacha mama, mume, binti ambaye ni mwalimu wa hisabati, mwana ambaye ni dereva wa malori, wajukuu watatu, wadogo zake wawili, mmoja muuguzi na mwingine huyu anayesoma, na wanafunzi kumi na wanane aliowafundisha kunawa mikono kabla ya kuwafundisha chochote kingine.

Nafika kwenye swali la mama.

Jumanne, mkuu wa maabara, ambaye ni mmoja wa wanafunzi hao, alikuja nyumbani na bahasha. Alituambia kwamba seli za ngozi za marehemu bado zipo, chupa sita zimelala ndani ya pipa, na nyingine ziko kwenye kabati la joto, zinaishi na kugawanyika. Hapo ndipo mama alipolijua kovu la pasi. Akauliza, "Kwa hiyo Jumamosi tunamzika nusu?" Mkuu wa maabara akaifungua bahasha. Ndani ya bahasha mlikuwa na mistari miwili ya mwandiko wa dada: "Seli ni zangu, lakini mwili niliupata kwa mama. Mama akitaka nizikwe nazo, zichomwe na majivu yawekwe kwenye jeneza." Tulibishana mpaka sauti zikapanda. Wengine walisema mtu azikwe na vyote vyake, wengine wakasema kazi ya miaka ishirini haichomwi. Mama akatunyamazisha. "Mtu haamui juu ya mwanawe bila kumwona," akasema. "Nipelekeni."

Alhamisi nilimpeleka. Ana miaka themanini na minne, na alipanda ghorofa tatu akipumzika kila kona. Mkuu wa maabara alimvalisha koti jeupe, akamwekea kiti mbele ya hadubini, akamsogezea kitambaa cha kuegemea kiwiko. Mama alichungulia, na hakuna aliyempimia nusu dakika.

"Mbona zimejipanga hivi?" akauliza.

"Ndivyo zilivyo, bibi. Zikigusana zinaacha kuongezeka. Za saratani ndizo zinazopandana. Hizi haziparamii jirani."

"Ni yeye," mama akasema. Akatazama tena. "Zinajua kwamba amekufa?"

"Hapana, bibi. Hazijui."

Mama akajifuta macho kwa ncha ya lile koti, kisha akainuka.

"Basi msiziambie," akasema. "Ziacheni zifanye kazi."

Aliomba jambo moja tu, kwamba kwenye chupa aliyoichungulia namba ifutwe na jina liandikwe. Mkuu wa maabara alichukua kalamu palepale akaandika: KIPIMO.

Hilo ndilo jibu, mama, na nimelisoma kama ulivyoagiza. Dada yetu apumzike kwa amani. Maabara itafunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi, na kwa sheria iliyo mlangoni, wataanza na zake.